Udongo wa Chumba cha Mwisho

Issenye,
4 Novemba 2024

Kwa Tata Nchagwa Heche,
Matongo.

Shikamoo Tata.

Kwanza naomba unisamehe kwa kuchelewa kuandika. Tangu nilipohama kwako mwezi wa tisa nimekuwa nasema kesho, na kila kesho imekuja na lake. Mtoto alianza kuota meno ya juu, akashikwa na homa, akawa halali mpaka awe kifuani kwangu. Ukimweka chini ni kilio. Halafu nilidhani haya mambo yataisha kwa simu. Lakini simu yako nikipiga inaita mpaka inachoka, na siku moja ulipopokea ulisema "sikusikii, mtandao", wakati mimi nilikuwa nasikia mpaka kuku wako. Ndiyo maana nimechukua karatasi.

Mjukuu wako hajambo. Ameanza kutembea kwa kushika ukuta. Mwambie bibi Mokami kwamba lile jina lake tulilompa mtoto limeota miguu huku Issenye.

Tata, nilikuachia mashine yangu ya kufuma masweta uniwekee, kwa sababu pikipiki haikuweza kutubeba mimi, mtoto, godoro na mashine pia. Ulisema sawa, binti yangu, itakaa salama. Juzi nimemtuma Stanslaus, yule muuza dagaa anayekuja na gari huko siku za mnada, aniletee. Amerudi mikono mitupu. Anasema ulimwambia pale dukani, mbele ya watu, kwamba niliacha chumba kichafu na mashine haitoki mpaka nilipe pesa ya usafi.

Nimekaa nikawaza labda ulikuwa unatania. Kama ulitania, basi tumecheka, yaishe.

Hapa nimefikia kwa mama mdogo Generoza. Wazazi wa watoto wanaoingia kidato cha kwanza wameniagiza masweta ya shule, na shule zinafunguliwa Januari. Bila mashine nafuma kwa mikono, sweta moja linakula wiki nzima na vidole vinavimba. Nikiwakosa wazazi hawa mwaka huu, mwakani watakwenda kununua Mugumu na mimi sitakuwa na kazi hapa. Stanslaus atapita tena. Naomba umpe.

Mpangaji wako wa chumba cha mwisho,
Rahabu Mboje



Matongo,
12 Novemba 2024

Kwa Athanas,
Issenye.

YAH: USAFI WA CHUMBA

Mura, kijana wangu, habari ya huko.

Nimepata barua ya mkeo. Mimi sibishani na wanawake mambo ya nyumba, kwa hiyo nakuandikia wewe mwanamume mwenzangu tumalize.

Chumba nilikukabidhi kikiwa kizuri. Mlipoondoka nimekuta yafuatayo. Sakafu ina mavi ya ng'ombe. Ukuta una moshi. Karibu na dirisha kuna alama za vidole vya mtoto, za mafuta. Nyuma ya mlango mmeacha ufagio. Nimelazimika kuweka watu wa kusafisha, na watu siku hizi hawafanyi kazi kwa asante.

Mwanangu Elia amenieleza kwamba Tarime mjini mpangaji akihama analipia usafi, na ng'ambo ya Sirari, kule Kenya, wanaiita dipoziti, unaitoa hata kabla hujaingia. Mimi sikuidai kabla kwa kuwa nilikuheshimu. Maendeleo hayawezi kupita Matongo yakaenda moja kwa moja Mugumu.

Mashine iko salama chini ya kitanda changu. Njoo mwenyewe, tukae, tunywe chai, ulipe, uibebe. Usimtume tena yule muuza dagaa, ananukisha uwanja.

Mwambie mkeo asimharakishe mtoto kutembea. Atapinda miguu.

Nchagwa Heche,
Mwenye nyumba



Issenye,
18 Novemba 2024

Shikamoo Tata.

Barua uliyomwandikia Athanas nimeifungua mimi, nimeisoma mimi na ninaijibu mimi. Athanas yuko kazini, mbali kidogo. Chumba tulikaa wote, lakini aliyekuwa anakifagia kila asubuhi ni mimi, kwa hiyo mambo ya ufagio ongea na mimi.

Nianze na mavi ya ng'ombe. Tata, tangu lini Mkurya akayaita uchafu? Niliyaomba kwenye zizi lako mwenyewe, yakiwa bado ya moto, bibi Mokami akanijazia ndoo. Nikachanganya na majivu, nikasiriba sakafu yote kuanzia ukuta wa nyuma nikirudi kinyumenyume mpaka mlangoni, mtoto mgongoni. Mama yangu alinifundisha hivyo kule Bariadi, kwamba ukitoka kwenye nyumba ya mtu unaiacha na uso mpya. Nilikaa nje juani nikangoja ikauke, ndipo nikakukabidhi ufunguo. Wewe ulichungulia ukasema safi kabisa. Au hilo nalo mtandao ulikata?

Moshi tuliukuta. Mpangaji aliyetutangulia alikuwa anachoma mahindi ndani, ulitusimulia mwenyewe ukicheka.

Ufagio nyuma ya mlango huachwa na mtu aliyemaliza kufagia.

Alama za vidole ni za kwetu, hizo sikatai. Niliziona nikiwa nimeshika kitambaa, nikashindwa kuzifuta. Mtoto alizaliwa mle ndani mvua ikiwa imekata barabara, akapokelewa na mkono wa mkeo. Nikasema acha ukuta ubaki na kitu chake. Kama vidole vya mjukuu wako vina bei, nitajie bei ya hivyo peke yake, nitalipa.

Vingine silipi. Na naomba unieleze, kwa sababu nimefikiri nimeshindwa: hao watu uliowaweka, walisafisha nini?

Mashine naisubiri. Nimefuma masweta mawili kwa mikono. Moja limekuwa refu upande mmoja, mwenyewe amelikataa.

Rahabu



Matongo,
26 Novemba 2024

Kwa Bibi Rahabu Mboje,
Issenye.

YAH: UFAFANUZI WA USAFI

Umeniuliza, nakujibu, maana mimi si mwizi na sitaki jina langu lizungushwe kwenye magari ya dagaa.

Mumeo alikuwa anapondea mawe ya dhahabu ndani ya chumba changu, kwenye kinu cha chuma, muda wote mliokaa. Mimi nilikuwa nasikia huku kitandani, du, du, du, nikanyamaza kwa sababu ni kijana mwenye bidii. Lile vumbi lote la mawe lilishuka likaingia sakafuni. Sasa sakafu kama hiyo unaisafishaje? Kwa kitambaa? Niliweka vijana watatu, wakachimba chumba chote mpaka kina cha goti, wakajaza magunia, wakapakia kwenye mkokoteni wakapeleka mwaloni. Kuchimba ni pesa. Magunia ni pesa. Mkokoteni ni pesa. Hata maji ya mwaloni siku hizi yanauzwa. Hiyo ndiyo pesa ya usafi, na sijaongeza kitu.

Usianze kufikiria mengine. Utaratibu wa hapa unajulikana, udongo wa nyumba ni wa mwenye nyumba. Ninyi watu wa kuja mnakuja na sururu zenu na mnaondoka na sururu zenu. Ardhi inabaki na sisi.

Halafu kuna suala la ukuta wa nyuma. Umepata ufa. Hilo sijaliweka kwenye deni kwa huruma tu.

Athanas yuko wapi? Watu hapa wanasema maneno. Mimi sipendi kusikia habari za wapangaji wangu kisimani.

Mtoto apewe uji wa ulezi, siyo chai.

Nchagwa Heche,
Mwenye nyumba



Matongo,
1 Desemba 2024

Mwanangu Rahabu,

Mkono huu ni wa Eunice wa chumba cha pili, maneno ni yangu mimi Mokami. Eunice anacheka huku anaandika, nimemwambia aache, hasikii.

Somo yangu mdogo anaendeleaje? Mbusu tumboni, anapenda.

Mwanangu, siwezi kumshitaki mume wangu. Nimekaa naye tangu ana nywele. Lakini mimi ndiye niliyekujazia ndoo ya mavi, na siwezi kukaa kimya ukiitwa mchafu. Siku ile ulipoondoka, pikipiki yako haijafika hata kwenye mwembe wa kanisa, mzee alikuwa tayari chumbani anagonga sakafu kwa fimbo. Akatoka anatabasamu. Akasema, "Huyu binti amenifunikia chungu." Kule kusiriba kwako kulishika vumbi lote lisiruke hata chembe.

Wakachimba, wakapeleka kuosha. Walipata. Kiasi gani sikuambiwa, lakini sasa ana kofia mpya na redio ambayo anaifungulia hata kuku.

Adhabu yake ameipata mwenyewe. Walichimba bila akili, wakafika chini ya ukuta. Mvua za mwezi uliopita zikaingia kwa chini ya mlango, na sasa chumba chako kina maji juu ya kifundo cha mguu. Bata wangu wamehamia humo, hawalipi kodi. Wiki iliyopita alikuja mpangaji kuangalia, akasimama mlangoni, akamwuliza, "Mzee, unakodisha chumba au bwawa?" Eunice alilazimika kuingia ndani akacheke huko. Ndiyo maana anakubana wewe. Anataka mtu wa kulipia shimo lake.

Usimwambie nimekuandikia. Mashine yako naifuta vumbi. Ufagio wako ninao, nafagilia jikoni, umekatwa vizuri.

Athanas amerudi? Nilijua siku nyingi kwamba hayupo. Kile kinu kilinyamaza, na wewe ukaanza kunichekea sana kuliko zamani. Sikukuuliza kwa sababu uliamka kila siku ukafagia.

Bibi yako,
Mokami



Issenye,
9 Desemba 2024

Shikamoo Tata Nchagwa.

Nakushukuru kwa ufafanuzi. Nimeusoma nikinyonyesha, nikausoma tena nikipepeta ulezi, maana uji anakunywa, hilo nimekusikia. Mwandiko wako unasomeka vizuri sana. Hilo sikunyimi.

Umeandika mwenyewe kwamba udongo wa chumba ulipelekwa mwaloni. Tata, mimi nimeishi Matongo. Mwaloni ndipo wanapooshea mchanga wapate dhahabu. Takataka hazipelekwi mwaloni, takataka tulikuwa tunatupa kwenye shimo nyuma ya choo, na shimo bado lipo. Sijawahi kuona mtu ananunua maji ili aoshe uchafu kisha autupe ukiwa msafi.

Sikulaumu kwa kuosha. Utaratibu wa udongo naujua, sikuuomba na siuombi. Niliusiriba ili nikuachie chumba kizuri, kumbe nilikuwa nakutunzia vumbi lisipotee. Basi, likufae. Lakini chagua moja. Kama ule ulikuwa uchafu wangu, nitalipa usafi, na wewe unirudishie kilichotoka ndani ya uchafu wangu. Kama ulikuwa mali yako, basi ulikuwa unavuna, na hakuna mtu anayevuna shamba lake akaenda kumdai jirani pesa ya vibarua. Vyote viwili huwezi kuvipata kwa mtu mmoja, hata kama mtu huyo ni mwanamke na ni wa kuja.

Ukuta silipi. Nyumba ile ni ya matofali mabichi. Umesema vijana walichimba mpaka kina cha goti, na mvua ndizo hizi zinanyesha. Sihitaji kuambiwa na mtu kilichotokea. Sikuushika mimi huo ukuta isipokuwa kuegemea siku nilipokuwa nashikwa na uchungu, na ulikuwa imara.

Sasa Athanas. Umeuliza, na una haki ya kuuliza, kwa sababu nilikuandikia kwamba yuko kazini na sikusema yote. Aliondoka mwezi wa saba kwenda machimbo mengine, huko Chunya, akasema akifika atatuma nauli tumfuate. Simu yake haipatikani. Sijui kama ana kazi, ana mke mwingine, au yuko chini ya ardhi. Kila asubuhi nilikuwa najiambia leo atapiga, nikaona aibu kukwambia kitu ambacho labda jioni kingekuwa siyo kweli. Basi jioni zikapita. Kodi ya tangu alipoondoka uliipokea kwenye mkono wangu, na hukuwahi kuingoja. Ilitoka kwenye mashine ile. Kwa hiyo usiendelee kumwita Athanas aje alipe aibebe. Chini ya kitanda chako hujaweka mali ya Athanas. Mume niliyebaki naye ndiye huyo.

Usinihurumie kwa hilo. Huruma yako umeshaitumia kwenye ukuta. Nimekwambia ili ujue unaongea na nani.

Mashine isipotoka safari hii, nitamfunga mtoto mgongoni nije mpaka ofisi ya kata. Nitaweka barua zako mbili mezani, ile ya mavi na ile ya mwaloni, nizisome kwa sauti, moja baada ya nyingine. Mimi ni wa darasa la saba lakini nasoma bila kugugumia. Kisha nitawaomba wazee wasimame, waende wote wakaone hicho chumba kilichosafishwa.

Nisingependa tufike huko. Mwanangu ana jina la mkeo. Siku akiniuliza alizaliwa wapi nataka nimlete kwako akuamkie, akuone, asikie na hiyo sauti yako, na uanze kumkemea kuhusu miguu yake. Sitaki nimwambie kwamba tuligombana na babu juu ya vumbi. Lakini sitamfundisha pia kwamba mtu akikuita mchafu unafungua pochi ili anyamaze.

Stanslaus atapita Alhamisi. Atasimamisha gari barabarani, hataingia uwanjani, na dagaa amewafunika. Vitu ninavyohitaji bado ni hivi, naomba usipunguze:

Mashine yenyewe, pamoja na kile kigari kinachokwenda na kurudi juu ya sindano. Bila hicho ni ubao tu.

Vyuma vyake viwili vya uzito, vinavyovuta sweta chini. Ulikuwa unakipenda kimoja kwa kuzuia mlango wa banda la kuku. Tafuta jiwe.

Sindano za akiba, ziko kwenye kopo la maziwa ya unga, kopo lenye kutu mdomoni.

Koni zote za uzi wa bluu, hata iliyoliwa. Panya wa nyumba ile nawajua, na mimi naunga.

Kadi ya kliniki ya mtoto. Niliichomeka ndani ya kasha la mashine, upande wa kifuniko. Anatakiwa sindano mwezi huu na hapa wananiuliza kila nikienda.

Ufagio usiutume. Mwachie bibi Mokami, mwambie nimesema ni wake.

Na karatasi moja ya mkono wako, uanze na YAH kama unavyopenda, kisha uandike kwamba Rahabu Mboje alipohama aliacha chumba kisafi. Usiongeze neno. Mpe Stanslaus. Ataisoma pale dukani, mbele ya watu wale wale, ndipo apakie.

Rahabu Mboje,
mama yake Mokami